Jinsi ya Kutoa Rangi Katika Maji kwa Unga wa Sumaku

Mhariri wa ukurasa huu wa Kiswahili ameniandama tangu muhula wa kwanza, akisema kwamba walimu wa kemia hutunga mitihani tu, hawaandiki kitu cha kusomeka. Basi leo nalipa deni. Nataka kuwaeleza wanafunzi, pamoja na wenzangu wa zamani ambao bado wanaletewa gazeti hili, kazi tuliyoifanya katika maabara yetu mwaka 2023 na 2024: kutoa rangi za viwandani katika maji machafu kwa makaa yaliyochanganywa na chuma cha sumaku. Si jambo tulilolibuni sisi. Mwaka 1997 Ivo Šafařík wa nchi ya Czech na wenzake walichapisha habari za makaa ya sumaku yanayonasa rangi zilizoyeyuka majini, na tangu hapo wengi wameandika juu ya vitu vya namna hiyo. Lakini sisi tulilifanya kwa mikono yetu, tukakosea mara nyingi, na nadhani makosa yetu yatawafaa kuliko sifa za majarida.

Kwanza sharti niseme kwa nini nililishika jambo hili. Wengi mwajua kwamba chini ya shule, ukiisha pita shamba la migomba, iko chemchemi, na kijito chake huingia katika bwawa la mafunjo na kuelekea Ziwa Victoria. Juu kidogo ya chemchemi hukaa kina mama wanaosuka mikeka. Hukata makuti ya mkindu, huyaanika, huyapasua, kisha huyachemsha katika sufuria yenye unga wa rangi na chumvi. Ukindu ukishika rangi hutolewa, na maji yaliyobaki humwagwa mtaroni. Siku ya kuchemsha zambarau, kijito nacho huwa zambarau. Mwezi wa Machi mwaka 2023, mvua ilipoanza, mtaro ulifurika na rangi ikafika hata kwenye chemchemi. Wavulana waliotumwa kuteka maji walirudi na ndoo tupu. Mkutano wa kijiji ukaitwa, na wengine walitaka kina mama wale wakatazwe kabisa kupika rangi.

Mmoja wa kina mama wale ni mama yangu mzazi. Ada yangu katika shule hii, tangu 1984 hata 1989, ililipwa kwa mikeka. Hapakuwa na ng'ombe wa kuuza wala shamba la kahawa. Kwa hiyo niliposimama mkutanoni kuomba tupewe miezi mitatu ya kujaribu, sikusimama kama mwalimu wa kemia tu, na kila mtu pale alilijua hilo.

Sasa tuangalie rangi zenyewe. Hapo kale watu walizipata katika mizizi, magome na matope. Rangi za viwandani zilianza mwaka 1856. Kijana Mwingereza wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa nyumbani kwao London wakati wa likizo ya Pasaka, akijaribu kutengeneza kwinini, yaani dawa ya malaria. Kwinini hakuipata. Alipata tope jeusi, na alipoliosha kwa spiriti likatoa zambarau nzuri mno. (Wale wa kidato cha nne ambao kila tope jeusi hulimwaga upesi kabla sijaliona, na walifikirie hilo.) Baada ya Perkin zilifuata rangi nyingine maelfu kwa maelfu. Hata zambarau ile mliyopakwa kinywani mlipokuwa watoto wenye vidonda ni ya ukoo huu, na unga wa zambarau wa mikeka ya kwetu ni jamaa yake wa karibu.

Rangi hizi zimejengwa kwa makusudi zisiharibike. Jua lisizipaushe, sabuni isizitoe, jasho lisizile. Katika mkeka hiyo ni sifa. Katika kijito ndiyo taabu yenyewe. Vijidudu vya majini vinavyooza majani na mavi ya ng'ombe hushindwa kuzivunja upesi. Miligramu moja tu katika lita nzima ya maji huonekana kwa macho, na rangi ikizidi huzuia mwanga usiyafikie majani ya chini ya maji. Kisha baadhi ya rangi, hasa za kundi liitwalo azo, zikikaa katika tope lisilo na hewa huvunjika na kutoa vitu viitwavyo amini, ambavyo vingine ni vibaya kuliko rangi yenyewe. Mwaka 1895 daktari mpasuaji wa Frankfurt, Ludwig Rehn, alitoa habari za uvimbe wa kibofu cha mkojo kwa watu waliofanya kazi katika kiwanda cha rangi. Baadaye amini iitwayo benzidini ilijulikana wazi kuwa huleta saratani ya kibofu.

Hata hivyo niliwaambia watu wa kijiji kwamba kuona rangi si kupima sumu, na maji meupe si lazima yawe salama. Kinyesi cha mbwa kilichoyeyuka majini hakionekani, na kimewaumiza watoto wetu wengi. Nilisema hivyo kwa haki, ijapokuwa bwana mmoja alinong'ona kwamba nawatetea wa nyumbani kwangu.

Makaa hutoaje rangi katika maji? Hapa wanafunzi wengi huchanganya mambo mawili. Kitambaa kikinywa maji, maji huingia ndani yake. Huko ni kufyonza. Makaa hayafyonzi rangi namna hiyo. Molekuli ya rangi hufika kwenye uso wa makaa ikanata hapo, kama vumbi la barabara linavyonata juu ya gari lililopakwa mafuta. Huko mimi nakuita kunasa. Kwa kuwa kazi hufanyika usoni, kitu kizuri cha kunasa ni chenye uso mwingi. Makaa yamejaa vitundu visivyoonekana, na ukijumlisha kuta za vitundu vyote utashangaa: gramu 10 za makaa mazuri ya kiwandani zaweza kuwa na uso wa mita za mraba 10,000, na kiwanja cha mpira cha mita 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140 tu. Makaa yetu sisi, tuliyoyapika kwa magunzi ya mahindi katika kopo lililofunikwa, hayafiki hapo hata kidogo, lakini yalitosha kwa kujifunzia.

Uso huo una nafasi zenye hesabu, kama viti vya taksi iendayo Kampala. Viti 14 vikijaa, abiria wa 15 hubaki barabarani hata kama ana nauli mkononi. Mmarekani Irving Langmuir ndiye aliyeliweka jambo hili katika hesabu mwaka 1918, na kwa kazi zake za elimu ya nyuso za vitu alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1932. Yashikeni maneno haya ya viti, maana ndiyo yaliyotuangusha baadaye.

Tulianza na makaa matupu. Tuliyaponda, tukayachekecha kwa kitambaa, tukatia kijiko katika chupa ya maji ya zambarau, tukatikisa. Rangi iliondoka! Lakini badala ya maji ya zambarau tukawa na maji meusi. Unga ulikuwa mwembamba mno hata haukuzama. Tuliuacha usiku kucha, na asubuhi maji yalikuwa bado kama wino. Karatasi ya kuchujia iliziba baada ya nusu kikombe. Ukiponda makaa kwa unene wa mchanga huzama vizuri, lakini hapo rangi huchukua saa nyingi kuingia katika vitundu vya ndani. Unga mwembamba hunasa upesi na haukamatiki. Unga mnene hukamatika na hunasa polepole. Hapo ndipo sumaku inapokuja. Ukimtia chuma cha sumaku kila chembe ya makaa, waweza kuuacha unga uwe mwembamba upendavyo, kisha ukauita kwa sumaku utoke majini.

Chuma chenyewe ni magnetiti, ile oksidi nyeusi ya chuma ambayo mawe yake ndiyo sumaku za asili. Hutengenezwa kwa chumvi mbili za chuma: moja ambayo chuma chake kimepoteza elektroni mbili, na nyingine ambayo chuma chake kimepoteza elektroni tatu, kwa kipimo cha moja kwa mbili. Sisi tulipima gramu 2.78 za salfeti ya chuma, ile ya fuwele za kijani, na gramu 5.41 za kloridi ya chuma ya manjano. Tuliziyeyusha katika mililita 100 za maji yaliyochemshwa na kupoa kiasi, tukatia gramu 5 za unga wa makaa, tukapasha moto hata kipimajoto kikaonyesha nyuzi 70. Kisha tukadondosha amonia kali mililita 10, huku tukikoroga bila kusimama. Kazi hii ifanyike nje, upepo ukiwa mgongoni. Amonia haina heshima kwa macho ya mtu. Kwa hesabu hupatikana gramu 2.3 za magnetiti, na pamoja na makaa ni kama gramu 7 za unga mweusi. Mwaweza kuhakikisha wenyewe kwa uzito wa atomu.

Mara ya kwanza hatukupata cheusi. Tulipata tope la rangi ya kutu, na sumaku ilipoletwa halikutikisika. Mara ya pili vivyo hivyo. Vijana walianza kunitazama kwa huruma. Mara ya tatu nilimimina chupa nzima ya salfeti ya chuma juu ya karatasi, nikaona kosa. Chupa ile ilikuwa kabatini miaka mingi, kifuniko kimelegea, na fuwele za juu zilikuwa zimegeuka kahawia. Hewa ilikuwa imezinyang'anya elektroni moja moja, hata kile chuma cha elektroni mbili kilikuwa kimekwisha kuwa cha tatu. Bila hicho magnetiti haijengeki; hupatikana kutu tupu. Chini kabisa ya chupa zilibaki fuwele za kijani safi. Tulizichagua moja moja kama mchele, tukaziosha kwa spiriti, tukaanza upya. Safari hii tone la amonia lilipoingia, maji yaligeuka meusi papo hapo. Kijana mmoja aliweka chini ya kikombe sumaku aliyoitoa katika spika ya redio mbovu, na unga wote ukashuka kama umeitwa kwa jina.

Jambo moja zuri la unga huu ni kwamba chembe za magnetiti zinazopatikana hivi ni ndogo kupita kiasi, nyingi hazifiki sehemu 20 za milioni za milimita. Chembe ndogo kiasi hicho hutii sumaku ikiwapo, lakini sumaku ikiondolewa husahau. Haziendelei kuvutana na kugandamana kama misumari, bali hutawanyika tena majini. Kama si hivyo, unga ungetumika mara moja ukawa bonge.

Tuliuosha unga kwa maji safi mara nyingi, sumaku ikiushika chini kila tulipomimina, mpaka karatasi ya litimasi haikugeuka tena buluu. Tukaukausha juani.

Sasa kupima. Mashine ya kupima rangi kwa mwanga hatuna, na ninyi mliosoma hapa mwajua kwamba orodha ya vitu tusivyo navyo ni ndefu. Tulitumia macho. Tuliyeyusha gramu moja ya unga wa rangi wa mama katika lita moja, tukachukua mililita 10 za maji hayo na kuziongeza maji mpaka zikawa lita moja. Hapo kuna miligramu 10 kwa lita. Tukagawa kwa maji nusu kwa nusu: 5, 2.5, 1.25, na kuendelea, kila kimoja katika kichupa cha dawa, vikapangwa dirishani mbele ya karatasi nyeupe. Maji yoyote ya kupimwa hulinganishwa na vichupa hivyo. Ni njia ya kizamani, na haidanganyi sana ikiwa watu watatu watatazama bila kuambiana.

Lita moja ya maji ya miligramu 10 ilitiwa gramu moja ya unga, ikatikiswa nusu saa, ikawekwa juu ya sumaku. Baada ya dakika tatu hivi maji yalikuwa meupe juu na utandu mweusi chini. Macho yetu yote matatu yaliyaweka chini ya kichupa cha 0.3. Tulimimina maji, tukatia mengine ya rangi juu ya unga ule ule. Mara ya pili vizuri. Mara ya tatu vizuri kidogo. Mara ya nne maji yalibaki zambarau. Viti vimejaa. Kwa hiyo gramu moja ya unga wetu ilichukua kama miligramu 30 za rangi.

Tulijaribu pia jambo la uchachu. Uso wa magnetiti hubadilika kwa kufuata maji yaliyomo. Katika maji yenye asidi hupata chaji chanya, katika maji yenye alkali hupata chaji hasi, na mpaka wake uko karibu na pale ambapo maji si asidi wala alkali. Zambarau ya mikeka ina chaji chanya, basi hupenda uso wenye chaji hasi. Tulipotia matone ya maji ya majivu ilinaswa upesi zaidi. Tulipotia siki ilikataa. Kwa rangi zenye chaji hasi, ambazo nyingi hutumika kwa nguo, mambo ni kinyume.

Hapo niwaambie kisa kidogo. Katika kabati letu mna chupa ya rangi nyekundu iitwayo Congo red. Ilitengenezwa na Mjerumani Paul Böttiger mwaka 1883, na ikaanza kuuzwa 1885, wakati mkutano wa Berlin ulipokuwa umeisha tu na jina la Kongo liko midomoni mwa watu wa Ulaya. Haina uhusiano wowote na Kongo ila huo wa kutafuta wanunuzi. Imejengwa kwa benzidini, kwa hiyo niliigusa mimi peke yangu, kwa mipira ya mikononi, na kidogo sana. Tulitia siki ili inaswe vizuri. Mara nyekundu ikatoweka, maji yakawa ya buluu, na kijana mmoja akapiga kelele kwamba rangi imekwisha kabla hata ya kutia unga! Nikatia maji ya majivu, na nyekundu ikarudi yote. Rangi hiyo hubadili sura katika asidi, haikwenda popote. Tangu siku hiyo tulifanya desturi ya kurudisha maji katika hali yake ya kwanza kabla ya kuyalinganisha na vichupa.

Baada ya ushindi wa chupa tuliingia kwenye sufuria, na hapa ndipo nilipojifunza adabu. Nilikwenda nyumbani siku ya kupika rangi, nikaomba maji ya mwisho ya sufuria moja. Yalikuwa meusi kwa wingi wa zambarau. Tuliyaongeza maji mara 40 ndipo yakafanana na kichupa cha 10. Maana yake yalikuwa na miligramu 400 kwa lita. Sufuria ya mama huchukua lita 15, yaani miligramu 6,000. Gawa kwa 30: gramu 200 za unga. Nasi kila mpiko mmoja hutupa gramu 7. Ingetupasa kupika unga mara 29 kwa ajili ya sufuria moja, ya mama mmoja, kwa siku moja! Na hapo sijataja chumvi ambayo kina mama huitia, maana chumvi nayo hugombania nafasi pale usoni. Niliyaandika haya ubaoni nikakaa kimya. Miezi mitatu ilikuwa imebaki wiki tano.

Nilimweleza mama jioni ile. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza mambo mawili, kwa Kisoga, nami nayageuza kwa Kiswahili. La kwanza: "Mwanangu, hiyo rangi mliyoitoa majini, mmeiweka wapi?" La pili: "Kama maji ya sufuria bado yana rangi nyingi hivyo, kwa nini niliyamwaga?"

Swali la pili ndilo lililotuokoa. Aliita wenzake. Badala ya kila mmoja kupika rangi yake na kumwaga, walikubaliana kupika zambarau siku moja. Sufuria ya kwanza hutumika kwa ukindu wa zambarau iliyokolea, na maji yale yale hupokea ukindu mwingine kwa zambarau ya kati, kisha mwingine tena kwa ile iliyopauka, ambayo wanunuzi wa Jinja, kumbe, waliipenda. Tulipima maji baada ya mchovyo wa tatu: karibu miligramu 50 kwa lita. Katika lita 15 ni miligramu 750, na unga unaohitajika ni gramu 25, yaani mipiko minne. Hilo laweza kufanyika. Sitaki kujisifu hapa: sehemu kubwa ya rangi iliondolewa na mama yangu kwa kutoimwaga, na unga wa sumaku ulisafisha mabaki tu. Nimesoma majarida mengi ya unga huu, na mengi huanza na maji ya miligramu chache kama tulivyoanza sisi. Mwanafunzi atakayesoma sifa zake atafute kwanza rangi ilikuwa kiasi gani, na maji yalikuwa maji ya kweli au ya maabara.

Swali la kwanza lilikuwa gumu zaidi. Unga hauiui rangi, huihamisha tu. Tulipotupa unga uliojaa nyuma ya maabara, mvua ilipiga na mtaro ukawa na michirizi ya zambarau. Kwa hiyo tulikuwa tumehamisha mtaro wa kina mama ukaja shuleni. Tulijaribu kuuosha unga kwa spiriti yenye siki kidogo. Rangi ilitoka, si yote, lakini sasa tukawa na chupa ya spiriti ya zambarau, na spiriti ni ghali. Asidi kali hatukuthubutu, kwa sababu huyeyusha magnetiti yenyewe. Mwisho tuliutia unga mkavu katika kopo la chuma lililofunikwa, lenye kitundu kidogo cha kutolea moshi, tukaliweka motoni mpaka likawa jekundu kidogo. Mle ndani hamna hewa ya kutosha kuwaka, basi rangi iliungua ikawa makaa juu ya makaa. Unga ulitoka mweusi, ulitii sumaku, na ulinasa tena, ila kama theluthi mbili za kwanza; mara ya tatu karibu nusu. Mara moja kifuniko kilianguka motoni pasipo sisi kujua. Makaa yote yaliteketea, tukakuta kopo lina kijiko cha vumbi jekundu.

Viwandani, ambako wengine wenu mnafanya kazi, maji ya rangi hayahesabiwi kwa sufuria. Huko hutumia chokaa na shabu kugandisha rangi, mabwawa ya vijidudu, na makaa katika matangi makubwa, na unga wa sumaku bado haujazoeleka kwa sababu ya gharama yake na ya sumaku kubwa zitakiwazo. Wanafunzi wa zamani wenye ujuzi wa mambo hayo na watuandikie, maana mimi hapo najua kwa kusoma tu.

Katika mkutano wa Julai 2023 kijiji hakikukataza kupika rangi. Kiliamuru kwamba mahali pa kupikia pahamishwe upande wa pili wa njia, mbali na chemchemi, na kwamba maji ya mchovyo wa mwisho yaletwe katika pipa letu kabla ya kumwagwa. Kina mama wanne wanaleta. Wawili hawaleti, wakisema pipa liko mbali, nao hawakosei: ni mwendo wa nusu saa na ndoo kichwani. Mwaka 2024 kidato cha tatu kilisafisha pipa hilo mara 11, na daftari la vipimo liko katika droo ya pili ya meza yangu kwa yeyote atakaye kulikagua. Manjano bado inatushinda. Hainaswi vizuri kwa maji ya majivu wala kwa siki, na macho yetu hayaioni vema dirishani.

Kwa sasa tuna sumaku mbili za spika, na moja imepasuka. Kwa pipa la lita 60 zatakiwa kama sita, za kufungwa kwenye ubao mmoja na kutumbukizwa zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, ili unga ubanduke upesi mfuko ukivuliwa. Mwenye redio kubwa iliyokufa asiitupe. Ailete siku ya wazazi, au amkabidhi mlinzi wa lango. Salfeti ya chuma nimekwisha kuinunua, na kifuniko chake nakikaza mimi mwenyewe.